Shokapu Mpya, Mtikisiko Uleule: Uchambuzi wa Kisa cha Pikapu Nzito

Usuli

Gari la kisa hiki ni pikapu nzito ya dizeli, 4x4, ya daraja linalobeba mzigo wa takriban tani moja na kuvuta tela. Jina la mmiliki, chapa ya gari na mahali vimeondolewa. Yaliyobaki ni yale yanayohusu chuma na maamuzi.

Mmiliki si mgeni wa spana. Oili, filta, pedi za breki na grisi anashughulikia mwenyewe, na kazi zake ni safi. Ana jeki nzuri, stendi za kulishikilia gari, seti ya soketi kubwa na mtaimbo. Kitu kimoja hakuwa nacho wakati kisa kinaanza: spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Bolti zote alizikaza kwa mkono, kwa kuhisi.

Miezi michache kabla ya tatizo kujitokeza alibadilisha springi za mbele. Kazi ilikwenda vizuri na hakuna aliyeifikiria tena.

Muundo wa mbele wa gari hili

Bila kuelewa sehemu hii kisa hakieleweki, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ekseli ya mbele ni chuma kimoja kinachotoka gurudumu hadi gurudumu. Springi za koili hubeba uzito, lakini haziwezi kuizuia ekseli isitambae kushoto au kulia. Kazi hiyo ni ya rodi moja ndefu iliyolala mshazari, ambayo mafundi huiita panadi. Ncha yake ya juu imefungwa kwenye chesisi upande mmoja wa gari, na ncha ya chini imefungwa kwenye ekseli upande wa pili. Katika gari hili ncha ya juu ina bolijointi, yaani kiungo cha tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe, na ya chini ina bushi ya mpira iliyopitishwa bolti nene.

Karibu sambamba na panadi hupita rodi ya usukani, inayotoka kwenye stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani, hadi gurudumu la upande wa pili. Stelingi boksi imefungwa kwenye chesisi, ilhali gurudumu liko kwenye ekseli. Sasa tuseme bushi ya panadi imekufa na ekseli inaweza kutambaa milimita chache. Ekseli ikienda kushoto, stelingi boksi haiendi nayo. Rodi ya usukani inabaki ilipo na kuyageuza magurudumu, ingawa dereva hajagusa kitu. Magurudumu yakigeuka, matairi yanaisukuma ekseli irudi kulia. Ikirudi inayageuza upande mwingine, na safari inaanza upya, mara kadhaa kwa sekunde. Nguvu ya kuendeleza mchezo huo inatoka kwenye mwendo wa gari lenyewe, ndiyo maana mtikisiko haufi mpaka spidi ishuke.

Juu ya hayo yote kuna shokapu ya usukani, silinda ndogo yenye mafuta ndani inayopunguza mapigo yanayopanda kutoka barabarani hadi mikononi mwa dereva. Haishikilii ekseli, na hata ikiondolewa kabisa gari zima lenye viungo vizima halipaswi kutikisika hivyo.

Yaliyotokea

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo. Gari likiwa kwenye kilomita 80 hivi kwa saa, likipita kwenye kiungo cha daraja, usukani ulitetemeka kwa sekunde moja au mbili kisha ukatulia. Mmiliki alishuku magurudumu hayana balansi. Yakabalansiwa. Kwenye barabara laini gari likawa tulivu kidogo kuliko awali, lakini kwenye viungo vya madaraja tabia ikabaki.

Hatua ya pili ilikuwa kununua shokapu mpya ya usukani. Kuifunga ni kazi nyepesi: bolti mbili, dakika chache. Mtikisiko ukatoweka kabisa. Kwa majuma kadhaa mmiliki aliamini amemaliza.

Kisha akafunga tela lenye mzigo. Kwenye shimo dogo, upande mmoja tu wa gari, usukani ulianza kurushwa kushoto na kulia kwa nguvu ambayo mikono haiwezi kuizuia. Dashibodi ilitingishika, kioo cha ndani kikawa hakisomeki. Alichofanya wakati huo ni sahihi na kinastahili kuandikwa: aliachia mafuta, akaushika usukani imara bila kupigana nao, hakukanyaga breki kwa ghafla, akaliacha gari lipoteze mwendo mpaka likatulia, ndipo akatoka pembeni. Kukanyaga breki kwa nguvu hatua hiyo huongeza uzito kwenye ekseli ya mbele ileile inayorukaruka, na tela nyuma linasukuma.

Gari likarudishwa nyumbani polepole bila tela. Hapo ndipo nilipoitwa kuangalia, na uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba haliendeshwi tena mpaka chanzo kionekane kwa macho.

Ukaguzi wa kwanza, ambao haukuonyesha kitu

Mmiliki alikuwa tayari amelikagua kwa njia aliyoizoea. Alilipandisha kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akashika kila gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia. Beringi za habu zilikuwa nzima. Tairodi endi, yaani viungo vya ncha za rodi za usukani, hazikucheza. Alipouingiza mtaimbo chini ya tairi na kuinua, bolijointi ya chini ya gurudumu la kushoto ilisogea kidogo sana. Alivuta panadi kwa mkono, haikusogea. Akasema kila kitu kimekaza.

Kwa ukaguzi wa aina hiyo alikuwa sawa. Lakini ekseli inayoning'inia haina nguvu ya pembeni inayoisukuma. Mpira wa bushi uliochanika unaweza kukaa umebana bolti vizuri tu ukiwa haujabebeshwa kazi, na mkono wa mtu haufiki hata karibu na nguvu ambayo matairi mawili mazito huitoa barabarani. Kutikisa magurudumu hewani ni kipimo kizuri cha beringi na bolijointi. Kwa panadi hakikuambii lolote.

Ukaguzi wa pili, gari likiwa chini

Tuliliteremsha likakaa kwa uzito wake wote juu ya sakafu ngumu. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, breki ya mkono juu, gia kwenye kuegesha, injini ikiwaka ili usukani uwe na nguvu yake ya mafuta. Mpwa wa mmiliki alikaa nyuma ya usukani na kupewa kazi moja: azungushe robo mzunguko kushoto, robo kulia, pole pole, bila kusimama, na asiguse kitu kingine.

Mimi na mmiliki tukalala mbele, kila mtu upande wake, nguo zimebana na mikono mbali na mkanda na feni. Kabla ya kuanza nilichora mstari mmoja wa chaki nyeupe uliopita juu ya kichwa cha bolti ya panadi, ukavuka ukingo wa bushi, ukaishia kwenye kishikizo cha ekseli. Vitu vitatu, mstari mmoja.

Usukani ulipogeuka mara ya kwanza hatukuona kitu. Mara ya tatu mstari ukavunjika. Kipande cha chaki kwenye bushi kilikwenda upande mmoja huku kile cha kwenye kishikizo kikibaki, kisha vikakutana tena kwa mlio mdogo, tok. Kila usukani ulipobadili mwelekeo, tok. Mmiliki aliweka ncha ya kidole kwenye ukingo wa nje wa kishikizo, mahali pasipoweza kumbana, akaita, "Mpwa, simamisha kwanza." Akanyamaza kidogo. "Huu mlio nimekuwa nikiusikia kwenye maegesho muda wote. Nilidhani ni stelingi boksi."

Chini ya kichwa cha bolti kulikuwa na unga wa kutu wa rangi ya kahawia na, ndani yake, duara la chuma kilichong'aa. Chuma kinachong'aa mahali ambapo kila kitu kingine kina vumbi maana yake kuna kitu kinasugua. Alama hiyo ilikuwa inaonekana kwa tochi siku zote, hata kabla ya kumwita mtu wa kuzungusha usukani.

Maamuzi na sababu zake

Tulipoijaribu nati ya bolti hiyo kwa soketi, ilikubali kuzunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kubana. Tukarudia jaribio la usukani na mlio ukapungua sana. Hapa palikuwa na kishawishi cha kufunga vifaa na kwenda kunywa chai.

Tuliikataa njia hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, mlio ulipungua lakini haukwisha. Ya pili ni historia ya bolti yenyewe. Ikiwa imelegea kwa maelfu ya kilomita, kuna uwezekano mkubwa imejichimba, na bolti iliyochimbika haiwezi kuibana bushi sawasawa hata ukiikaza mpaka spana ipinde. Lazima itoke ionekane.

Ilipotoka, ilikuwa na mfereji unaoshikika kwa ukucha. Mpira wa bushi ulikuwa umechanika upande mmoja kuanzia ndani. Tundu la kishikizo tulilipima kwa kupitisha bolti mpya ya kipimo sahihi: ilikaa bila kucheza. Hiyo ilikuwa bahati. Tundu likishakuwa la mviringo wa yai, rodi mpya haisaidii, na kazi inahamia kwa mchomeleaji anayejua kuweka bamba au kubadilisha kishikizo kizima.

Swali lililofuata lilikuwa kubadilisha bushi peke yake au rodi nzima. Bushi ni rahisi, ila kuitoa na kuingiza nyingine kunataka presi, na bolijointi ya ncha ya juu ilikuwa ya umri uleule. Mmiliki akachagua rodi nzima pamoja na bolti na nati mpya. Nakubaliana naye. Nati za aina hii hujishikilia zenyewe ili zisilegee, na uwezo huo hupungua kila zinapofunguliwa.

Alitaka pia kubadilisha bolijointi za magurudumu, tairodi endi zote na shokapu ya usukani siku hiyohiyo, "nimalize kabisa." Nilimshauri asifanye hivyo. Bolijointi ya kushoto ilisogea, lakini ilikuwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na kitabu cha gari. Ukibadilisha vitu sita kwa siku moja na gari likapona, hujui kilichokuwa kibovu, na ukikosea kukaza kimoja kati ya sita hujui uanzie wapi. Shokapu ya usukani, ile mpya, tuliiangalia: ilikuwa imeanza kuvuja mafuta kwenye mhuri wake. Ilikuwa imefanya kazi isiyo yake ikachoka mapema. Hiyo ikaingia kwenye orodha, lakini baada ya panadi.

Kufunga rodi mpya

Rodi ilifungwa gari likiwa chini kwa uzito wake. Ncha ya juu iliingia kwanza. Ncha ya chini haikulingana na tundu, ilikosa kama upana wa kidole, jambo la kawaida kwa sababu panadi ikishaondolewa ekseli hutambaa na kukaa inapotaka. Wengi hapa huchukua mtaimbo na kuanza kupigana. Hakuna haja. Mpwa alirudi kwenye usukani, injini ikawashwa, akaugeuza kidogo sana kwa kuelekezwa, na ekseli nzima ikatambaa pembeni mpaka tundu likakaa mbele ya bushi. Usukani unaisogeza ekseli, kama ambavyo ekseli iliyolegea ilikuwa ikiusogeza usukani barabarani.

Onyo moja halina mjadala: matundu yanakaguliwa kwa macho au kwa bisibisi, kamwe si kwa kidole. Nguvu ya stelingi boksi ikihamisha ekseli kwa milimita tano ukiwa na kidole ndani, kidole kinabaki humo.

Kisha kukaza. Kila gari lina namba yake na lazima isomwe kwenye kitabu cha gari husika, lakini kwa bolti za panadi za daraja hili ni jambo la kawaida kukuta namba inayopita nyutoni mita 200. Kwa kukadiria: nyutoni mita 300 kwa mpini wa sentimita 60 ni sawa na kuning'iniza kilo 50 hivi kwenye ncha ya mpini. Mtu aliyelala chali chini ya gari, mikono imekunjwa, hafiki huko kwa kuhisi, hata awe na misuli kiasi gani. Mmiliki aliazima spana ya toki kwa kazi hii. Baadaye alinunua ya kwake.

Uzito kuwa chini wakati wa kukaza una sababu yake. Bushi ya mpira haizunguki juu ya bolti. Silinda yake ya ndani hubanwa imara, na ekseli inapopanda na kushuka ni mpira unaojikunja. Ukiikaza ekseli ikining'inia, mpira unafungwa kwenye pozi la kuning'inia, na gari likishuka unabaki umejikunja saa zote, hata likiwa limeegeshwa. Mpira wa namna hiyo huchanika mapema.

Ndipo tulipomuuliza kuhusu zile springi. Alikumbuka vizuri: aliifungua panadi chini ili ekseli ishuke vya kutosha, akarudisha bolti ileile na nati ileile, akakaza gari likiwa bado kwenye stendi, kwa mkono.

Mambo mawili ya pembeni

Matairi yote manne yalikuwa na upepo wa psi 80, kwa sababu anavuta tela. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilisema 60 mbele na 80 nyuma. Psi 80 ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho matairi mengi ya mizigo ya daraja hili hutengenezwa kukibeba, na ekseli ya mbele ya gari hili haikukihitaji. Tairi gumu kupita kiasi hurudisha kila shimo kwenye ekseli badala ya kulimeza. Tukafuata kibandiko.

Pili, rodi mpya iliiweka ekseli mahali pake pa asili, na kwa sababu hiyo usukani ukakaa umepinda kidogo gari likienda moja kwa moja. Alaimenti, yaani kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, ikafanywa baada ya siku mbili tatu.

Matokeo

Jaribio la usukani gari likiwa chini lilirudiwa: mstari wa chaki haukuvunjika, mlio haukusikika. Barabarani gari lilipitishwa bila mzigo, kwa mwendo uliopandishwa hatua kwa hatua, kwenye kiungo kilekile cha daraja. Usukani ulipokea pigo moja ukatulia. Baada ya kilomita mia kadhaa bolti ilipimwa tena kwa spana ya toki na haikusogea. Tela lilifungwa baada ya hapo, na mpaka ninapoandika mtikisiko haujarudi. Shokapu iliyovuja ilibadilishwa, safari hii kwenye gari ambalo tayari lilikuwa limetulia bila msaada wake.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi halikuwa kununua shokapu. Lilikuwa kuamini kwamba dalili ikitoweka, ugonjwa nao umetoweka. Shokapu mpya ilikuwa na uwezo wa kuumeza mtikisiko wa gari tupu. Ilipoanza kuchoka, na tela likaongezwa, haikuweza tena, na kwa muda wote huo bolti iliendelea kujichimba. Bila shokapu mpya gari lingeendelea kulalamika kwa sauti ndogo kila siku, na huenda panadi ingefikiwa kabla ya ile safari yenye mzigo. Ushauri wa "badilisha shokapu ya usukani" hutolewa kwa haraka sana na watu wengi, na huwa na wafuasi kwa sababu kwa siku za mwanzo unafanya kazi.

Kubalansi magurudumu halikuwa kosa. Ni hatua ya bei nafuu na ya busara, na mtetemo wa balansi mbaya ni kichocheo halisi cha mtikisiko huu. Kilichokosekana ni kusoma dalili: balansi mbaya hutetemesha usukani kwa spidi fulani hata kwenye lami laini, na hukoma ukipita spidi hiyo. Mtikisiko unaosubiri shimo ndipo uanze, kisha ukaendelea wenyewe, unaelekeza kwenye kiungo kilicholegea.

Ukaguzi wa hewani ulifeli kwa namna inayofundisha, kwa kuwa ulifanywa kwa uangalifu. Hakukuwa na uvivu. Kifaa kilikuwa sahihi kwa sehemu nyingine. Jaribio la gari likiwa chini halihitaji hata spana moja, linahitaji mtu wa pili na robo saa, na lingefaa kuwa la kwanza.

Siwezi kudai kwamba panadi peke yake ndiyo iliyoponya, kwa sababu upepo wa matairi ulibadilishwa siku hiyohiyo. Naamini upepo ulichangia kidogo na panadi kwa sehemu kubwa. Mstari wa chaki uliovunjika ni ushahidi wa kuonekana, wakati upepo ni hoja tu. Lakini mtu mkali angeongeza upepo tena mpaka 80 na kulijaribu gari. Hatukufanya hivyo, na sioni sababu ya kuyachosha matairi ili kushinda ubishi.

Swali la springi ndilo lililofaa kuulizwa mapema zaidi. Gari likianza tabia mpya, kitu cha mwisho kufunguliwa upande huo huo kinastahili kuangaliwa kabla ya kununua chochote, hasa kama aliyekifungua ni mtu anayejiamini. Mmiliki ameanza kuandika kwenye daftari kila bolti kubwa aliyoifungua, kiwango alichokaza, na kama gari lilikuwa chini au juu. Bolijointi ya chini ya kushoto nayo imo humo, pamoja na kipimo cha kusogea kwake, na itapimwa tena kwa mtaimbo oili itakapobadilishwa.